Saa Isiyoulizwa Saa Ngapi

Leo mnisikilize, na atakayecheka acheke akijua anamcheka mtu asiyelala. Katika nyumba ninayopanga huku Uingereza kuna kiumbe kirefu kuliko mimi, kizito kuliko ninavyotaka kukumbuka, na kinachoheshimiwa kunizidi. Kimesimama ukumbini, mgongo ukutani, kichwa kimekosakosa dari. Kinagonga kengele mara 156 kila siku ya Mungu; jumlisheni wenyewe, moja mpaka kumi na mbili, kisha tena moja mpaka kumi na mbili. Ni saa ya kabati, ndefu, ya Kiingereza, ya mbao za mwaloni, ambayo mke wangu, Mama Salma, aliinunua mnadani kwa sababu ilikuwa rahisi.

Na rahisi ilikuwa kweli. Saa hizi, hasa zile za kawaida za mafundi wa mashambani, zimeanguka bei vibaya. Waingereza wenyewe wamehamia nyumba zenye dari za chini na makabati ya kuunganisha kwa bisibisi, hawana pa kuzisimamisha. Kuna zilizokatwa miguu ili tu ziingie sebuleni. Walipochoka nazo, ndipo tukakaribishwa sisi watu wa Tanga.

Kwa kuwa usiku ninao wa kutosha, nimesoma habari zake. Nimefika mahali nikaamua, na sibadilishi: saa hizi hazikutengenezwa zionyeshe saa. Zilitengenezwa zimwonyeshe mwenye saa.

Asili yake sina ugomvi nayo. Mwaka 1656 Mholanzi Christiaan Huygens alibuni saa inayoongozwa na pendulamu, ile fimbo yenye uzito chini inayoyumba huku na huko. Miaka miwili tu baadaye fundi Ahasuerus Fromanteel alikuwa akizitangaza London. Kabla ya hapo, saa iliyopoteza robo saa kwa siku ilihesabiwa kuwa na adabu. Kisha, karibu mwaka 1670, kikapatikana kipande cha chuma chenye umbo la nanga, kinachoachia meno ya gurudumu moja baada ya jingine. Nani hasa alikibuni, Robert Hooke, William Clement au Joseph Knibb, wanahistoria wanabishana mpaka leo, nami siingii. Nanga hiyo iliwezesha pendulamu kuwa ndefu, karibu mita moja, ikayumba kidogo tu, kila upande sekunde moja kamili. Likahitajika kabati jembamba la kuihifadhi fimbo pamoja na vile vyuma vizito vinavyoshuka polepole kuisukuma mashine.

Mpaka hapo ni akili tupu, na aliyebuni apewe haki yake. Lakini kabati lilipokwisha kusimama, shetani wa fahari akaingia ndani akafunga mlango. Likawekewa nguzo mbili, likavishwa taji, likapachikwa vipande vya mbao za rangi vilivyokatwa kwa umbo la maua na ndege. Niambieni, ndege anasaidia nini katika kujua saa?

Mnaodhani nina husuda, nendeni Greenwich. Mwaka 1676 fundi Thomas Tompion, mtoto wa mhunzi wa Bedfordshire, alitengeneza saa mbili kwa ajili ya kituo kipya cha wanajimu wa mfalme. Zilitiwa ufunguo mara moja kwa mwaka, na pendulamu zake zilikuwa na urefu wa futi 13. Hizo zilikuwa na kazi ya maana: mnajimu John Flamsteed alizitumia kupima kama dunia inajizungusha kwa mwendo usiobadilika. Na ziliwekwa wapi? Nyuma ya mbao za ukuta! Nje ulionekana uso tu. Saa yenye kazi haihitaji taji.

Sasa itazameni dada wa saa ya kabati, ile fupi ya mezani. Hiyo haina vyuma vya kushuka. Inaendeshwa na springi, na nguvu ya springi inasawazishwa na kitu kama pia chenye mfereji wa kuzungushia uzi au mnyororo. Ina mkono juu, ibebwe kutoka chumba hadi chumba, na nyingi zina uzi: ukiuvuta gizani, inakugongea tena saa iliyopita, usihangaike kuwasha mshumaa. Hilo nalisifu. Lakini igeuzeni. Mgongoni kuna mlango wa kioo, na nyuma ya kioo bamba la shaba lililochorwa maua kutoka pembe hadi pembe. Upande huo hauna tarakimu wala akrabu. Upo ili saa ikiwekwa mbele ya kioo kikubwa, mgeni aone hata kisogo chake. Na ule weusi wa mbao zake mara nyingi si mti mweusi wa thamani. Ni mti wa mpea uliopakwa rangi.

Waliokosa fedha wakaiga. Saa ya bei nafuu ilikwenda kwa saa 30 tu, ikivutwa kamba au mnyororo kila siku ndani ya kabati. Saa ya bei kubwa ilikwenda siku nane na ilikuwa na matundu mawili usoni ya kutilia ufunguo. Basi zikatokea saa za saa 30 zilizochorwa matundu ya uongo usoni! Ufunguo hauingii popote, lakini jirani akipita anadhani umepata. Niliposoma hilo nilimwita Mama Salma aje aone. Akaangalia, akasema, "Angalau walijitahidi."

Saa pekee ninayoiheshimu katika ukoo huu ni ile ya mashambani yenye akrabu moja. Uso wake umegawanywa kwa robo, akrabu inaonyesha kwamba saa tatu imepita na nusu inakaribia, basi. Mkulima hakuwa na haja ya dakika; ng'ombe hana miadi. Ingekuwa hiyo ndiyo imenunuliwa, nisingeandika haya.

Yetu ni ya siku nane, kwa hiyo kila Ijumaa baada ya sala natia ufunguo. Kila chuma kina kilo tano na ushei, nakipandisha kwa mkono, taratibu, huku nikisimamiwa nisikwaruze uso. Nikimaliza, hakuna anayesema ahsante. Wageni wakija wanasema, "Mashallah, Mama Salma, saa hii!" Halafu wanatoa simu mfukoni kutazama saa ngapi.

Miezi ya mwanzo ilikuwa ikisimama yenyewe kila Jumatano. Si Jumanne, si Alhamisi. Shemeji yangu akaanza kunong'ona mambo ya majini, akataka tufukize ubani. Fundi tuliyemwita, mzee wa Kiingereza mwenye subira, akacheka kidogo. Kumbe vyuma vikishuka siku kadhaa vinafika usawa wa uzito wa pendulamu, navyo vinaanza kuyumba pamoja nayo. Kabati lisipokuwa limeshikwa imara, linayumba pia, linaila nguvu ya pendulamu mpaka inasimama. Dawa ni kuifunga saa ukutani kwa skrubu. Mwenye nyumba wetu, kwa upande wake, haruhusu tundu hata moja ukutani, liwe la picha, liwe la saa. Kwa hiyo kati yake na kanuni za fizikia nimesimama mimi, na vipande vya mbao chini ya miguu ya kabati, nikisikiliza kama tik na tok zinalingana.

Machi na Oktoba ndiyo msiba. Waingereza hubadilisha saa. Machi ni afadhali: unapeleka akrabu mbele, unangoja igonge, yamekwisha. Oktoba unatakiwa kurudi nyuma, na fundi ameapa kwamba ukiirudisha akrabu kwa nguvu kupita pale pa kugonga waweza kuvunja kitu. Nifanyeje? "Isimamishe saa nzima," akasema, "kisha iachie." Mwanamume mzima, na digrii yangu, nimeketi kwenye ngazi Jumapili asubuhi nikiisubiri saa impate mwenzake.

Halafu kuna mwezi. Juu ya uso wa saa kuna dirisha la nusu duara, ndani yake mwezi uliochorwa macho, pua na mashavu mekundu, unaokwenda kwa mzunguko wa siku 29 na nusu. Zamani ulimfaa msafiri aliyetaka kujua kama usiku wa mwaliko utakuwa na mbalamwezi. Huku hakukuwa na taa za barabarani. Kwetu umeleta fitina. Tayari kila Ramadhani Waislamu wa mtaa huu wana makundi mawili, wanaofuata Saudia na wanaongoja mwandamo wa karibu. Mwaka huu kundi la tatu limezaliwa ukumbini kwangu. Shemeji alisimama mbele ya kabati akasema, "Mbona hapa umeshaandama?" Kidogo afungulie kinywa kwa fatwa ya fundi wa Lancashire aliyeitengeneza saa.

Mama mkwe alipokuja kututembelea, ndiye peke yake aliyenielewa, ingawa kwa njia yake. Ilikuwa adhuhuri, kabati likaanza kugonga. Alihesabu kwa tasbihi. Lilipokoma akanitazama kwa huruma.

"Baba Salma, mwanangu, saa sita hii. Imegonga kumi na mbili. Mmepunjwa."

"Hapana, mama. Wenyeji wa huku huanza kuhesabu siku katikati ya usiku."

"Katikati ya usiku? Si wamelala? Sasa wanajuaje kama imeanza?"

Sikuwa na jibu, na Huygens naye sidhani kama angekuwa nalo.

Mama Salma ana mpango wa kustaafu na kurudi Tanga, na saa iende kwa kontena. Nikajaribu kumtisha kwa elimu. Mwaka 1672 Mfaransa Jean Richer alikwenda Cayenne, Amerika ya Kusini, karibu na ikweta, na saa yake iliyokuwa sahihi Paris. Kule ikawa inachelewa dakika mbili na nusu kila siku, mpaka alipoifupisha pendulamu. Sababu ni kwamba dunia imetuna kiunoni, na mvuto wake karibu na ikweta ni hafifu kidogo kuliko kaskazini. Newton baadaye aliutumia ushahidi huo. Nikapiga hesabu: ya kwetu ikitua Tanga itachelewa zaidi ya dakika mbili kwa siku, bila kosa la mtu. Nilidhani nimeshinda. Mama Salma akasema, "Basi itakuwa imeshazoea pwani." Na nati iliyo chini ya pendulamu ikikazwa ikapanda milimita tatu hivi, kesi imekwisha.

Akaongeza kwamba kwetu saa si jambo geni. Hapo alinikamata, maana kitabu chenyewe nilikiacha mezani mimi. Sayyida Salme, binti wa Sultani Said aliyekuja kuitwa Emily Ruete, katika kumbukumbu zake zilizotoka mwaka 1886 alieleza jinsi nyumba za wakubwa wa Unguja zilivyopenda vioo vikubwa na saa za kupamba vyumba. Wateja wa namna hiyo mafundi wa London waliwajua vizuri. George Prior alitengeneza saa kwa ajili ya soko la Waturuki, tarakimu zimeandikwa kwa mtindo wa kwao, akauza vizuri. Fahari haina pasipoti.

Mtu mmoja tu katika historia yote aliyeuona ugonjwa huu akaandika dawa, ni William Pitt, waziri mkuu wa Uingereza. Mwaka 1795 alitoza kodi unga wa kupaka kwenye nywele. Mwaka 1796 akawatoza wenye mbwa. Mwaka 1797 akafika kwenye saa: shilingi 5 kwa mwaka kwa saa ya nyumbani, shilingi 10 kwa saa ya mfukoni ya dhahabu, shilingi 2 na peni 6 kwa ya fedha au madini mengine. Alijua majivuno yanakaa wapi, akayafuata chumba kwa chumba. Bahati mbaya walioumia ni mafundi: watu waliacha kununua, kazi zikakauka, malalamiko yakajaa bungeni, na mwaka 1798 kodi ikafutwa kabla haijatimiza mwaka. Husemwa kwamba zile saa kubwa za ukutani za vilabuni zilizaliwa na kodi hiyo, watu waende kutazama huko bure. Si kweli, zilikuwapo miongo mingi kabla. Lakini wazo ni zuri: saa moja ya mtaa mzima, itiwe ufunguo na mwenye kilabu.

Mimi si mtu wa kupenda kodi, mnanijua. Hii nairuhusu irudi. Mama Salma aambiwe achague, alipe au aiuze. Ingawa, kusema kweli, namjua nimeoa nani. Atalipa, kwa kadi yangu, kisha risiti ataitia fremu na kuitundika kwenye mlango wa kabati, wageni waione.