Kisima cha Mdomo Mwembamba

Paukwa, pakawa. Kati ya jabali la Tororo na maji ya Ziwa Nyanza palikuwa na milki ya wanyama iliyotawaliwa na Kiboko, mfalme mwenye shingo nene na usingizi mzito, ambaye baraza lake lilikaa katika matope ya Mto Sio na amri zake zikafika hadi vilima vya Samia. Raia wake walikuwa wa kila namna, lakini walioibeba milki ile mgongoni walikuwa punda wa Busia. Wao ndio waliovusha wasafiri kutoka lango moja la mpaka hadi la pili tangu miaka ya 1960, wakawafikisha wagonjwa zahanati usiku wa manane, wakashusha mikungu ya ndizi sokoni kabla ya jogoo la pili, na kazi yao ikasifika hata ikaigwa Kampala, Nairobi na Dar es Salaam. Hata hivyo hawakutajwa barazani ila kwa methali moja tu, kwamba punda afe, mzigo ufike.

Punda hao waliishi kwa maji meusi. Maji hayo hayakuchimbwa Busia wala Tororo. Yalitoka ng'ambo kwa merikebu, yakashushwa Mombasa, yakasukumwa bara ndani ya mshipa mrefu wa chuma, kisha yakapakiwa juu ya ngamia waliopanga foleni mpakani Busia na Malaba siku baada ya siku. Zaidi ya nusu ya kila funda ilipotea kwa joto na moshi, na punda akaenda kwa masalio. Ngamia aliposimama, milki nayo ilisimama. Januari mwaka 2022 ngamia waligoma kwa sababu ya kipimo cha maradhi walicholazimishwa kufanya mpakani, foleni ikanyoshwa maili kwa maili, na upande wote wa magharibi ya mpaka bei ya maji meusi ikapaa, mahali pengine ikapita maradufu. Punda walilala njaa wakiwa na abiria mlangoni, na hapo ndipo wengi wao walipoanza kuulizana kama hapana kinywaji kingine duniani.

Kilikuwapo, tena jirani. Pale Jinja, Mto Nile unapoliaga ziwa, wanadamu waliuzuia mto kwa ukuta uliofunguliwa mwaka 1954, na katika kishindo cha maji ikazaliwa nuru. Wakaifunga kwenye kamba za chuma, wakaipitisha Tororo, wakaivusha mpaka hadi Nairobi, huku nyumba nyingi zilizo chini ya kamba hizo zikiendelea kuwasha koroboi. Mwaka 2024 ukuta mwingine ukazinduliwa huko Karuma, wenye uwezo wa megawati 600, na mashariki ya mpaka wanadamu walikuwa wakichota nuru kutoka mvuke wa ardhi ya Olkaria tangu mwaka 1981. Nuru ikawa nyingi pande zote mbili, na punda waliokuwa katikati wakabaki na kiu.

Waziri wa Kiboko alikuwa Kinyonga. Katika miaka yote ya maji meusi ngozi yake ilikuwa nyeusi, na biashara ya ngamia ilimnenepesha. Lakini zilipofika habari kutoka Maasai Mara kwamba yako magari ya watalii yanayokwenda kimya kati ya nyumbu, yakilishwa kwa nguvu ya jua kambini, na kwamba mataifa makubwa yanawatukuza wafalme wanaoipenda nuru, Kinyonga aliamka asubuhi moja akiwa kijani kutoka puani hadi ncha ya mkia. Akamwendea Kiboko, akasema, "Omwami wangu, zama zimegeuka. Tukichimba kisima cha nuru, jina lako litasomwa hadi Ulaya." Kiboko, ambaye sifa zilimwingia upesi kuliko hoja, akatoa idhini kabla hajauliza kisima kitachimbwa wapi.

Kikachimbwa Majanji, ufukweni mwa ziwa, mbali na njia kuu, ndani ya kambi ya mahema ya korongo. Hao korongo ni ndege wa Ulaya wanaokimbia baridi ya kwao, wakaja kula nzige wetu, na masika yakikaribia wakarudi. Kwa kuwa kisima kilikusudiwa wao, fundi alipima mdomo wa korongo, na kwa kipimo hicho akatengeneza mdomo wa kisima, mrefu na mwembamba, usioingia kitu kingine chochote. Punda mmoja aliyebeba saruji ya kazi ile aliuliza kwa adabu kama pua yake itapita. Akajibiwa kwamba hicho ni kipimo cha kimataifa.

Siku ya uzinduzi ngoma zilirindima kutoka Lumino hadi ufukweni. Kiboko aliukata utepe kwa meno yake mwenyewe, akatangaza kwamba milki imeaga moshi, na wageni wote wa heshima wakafikishwa pale juu ya migongo ya punda waliokunywa maji meusi asubuhi ile. Hotuba zilikwisha jua likizama. Punda wakawarudisha wageni gizani, kisha wakalipwa shukrani.

Msimu ukafika na korongo wachache wakatua. Usiku wa kwanza walipoingiza midomo yao kwa pamoja, kamba nyembamba iliyoleta nuru kambini ikashindwa, mahema yote yakazama gizani, na kulipopambazuka ikatoka amri kwamba zahanati ya jirani ipunguziwe nuru kila jioni ili wageni wanywe kwa utulivu. Mama wajawazito wakajifungua kwa mwanga wa koroboi, na korongo wakaandika kwao kwamba wamelala katika milki safi. Walipoondoka, kisima kikabaki kimejaa nuru na bila mnywaji, kikilindwa usiku na mchana na Bweha, ambaye kazi yake yote ilikuwa kuwafukuza punda waliosogea kutazama.

Mwaka ulipopinda, baraza likakutana kuuliza kwa nini moshi haujapungua Busia. Kinyonga akasimama na jibu tayari. "Tumewachimbia kisima," alisema, "nao wameng'ang'ania maji meusi. Punda ni wabishi, hawapendi mageuzi, na wazee walikwisha kutuambia kwamba asante ya punda ni mateke." Baraza likatikisa vichwa kwa masikitiko. Ndipo kutoka safu ya nyuma akaomba ruhusa Kukhu Kanga, bibi mkongwe aliyeuza uji na chapati chini ya mwembe wa steji ya punda, aliyewajua kwa majina wao na madeni yao.

"Omwami wangu," alisema, "mgeni hanyimwi maji, na mimi siombi korongo wafukuzwe, wakija, mwenyeji hupona. Ila korongo hunywa akalala hadi asubuhi. Punda akisimama nusu siku kungoja tumbo lijae, watoto wake hawali jioni hiyo. Kwa hiyo punda hataki kisima cha kulala, anataka vibuyu. Afike steji, avue kibuyu kitupu, avae kilichojaa, aondoke kabla abiria hajamaliza kupatana bei. Wenzao wa Kampala wamekwisha kuanza. Tena kibuyu ndicho kilicho ghali, hawezi kukinunua kwa mkupuo. Basi kibuyu kiwe cha ghala, naye alipe nuru aliyokunywa. Na kwa kuwa tangu mwaka 2018 malango mawili ya Busia yamefanywa kituo kimoja, kibuyu kilichojazwa mashariki kikubaliwe magharibi, maana mkate wa punda uko pande zote mbili. Ukitaka kujua kama nimesema kweli, nenda ukatazame nyayo. Kisimani utaona za Bweha. Steji utaona ardhi imelimwa kwa kwato."

Barazani pakawa kimya. Kiboko alimtazama bibi yule kwa muda mrefu, na walio karibu naye waliapa kwamba alielewa. Lakini kuelewa kulimdai aondoke matopeni, akasimame juani kwenye steji, ahesabu nyayo mwenyewe mbele ya punda, na tangu atawazwe hajawahi kufika huko. Akamgeukia waziri wake. Kinyonga akasema, "Shauri la Kukhu ni jema, litaundiwa kamati. Kwa sasa, kwa kuwa kisima cha kwanza kimefaulu, natoa hoja kichimbwe cha pili, chini ya jabali la Tororo, kwenye kambi ya wapanda miamba." Baraza likapiga makofi, na Kiboko akarudi majini.

Punda hawakungoja kamati. Kila jioni walimwachia Kukhu Kanga sehemu ya chumo la siku, chama kikaandikwa, kamba halali ikavutwa hadi chini ya mwembe, na vibuyu vichache vikanunuliwa kwa mkopo. Waliotangulia walichekwa, kwa sababu walikwenda bila ngurumo na abiria walidhani wamezimika. Mwezi ulipokwisha walikaa kuhesabu, na baada ya kutoa bei ya nuru na sehemu ya mkopo, kilichosalia mfukoni kilizidi kile cha waliobaki kwenye maji meusi. Kicheko kikaisha, foleni ikaanza. Vibuyu havikutosha, na hadi leo havitoshi, kwa kuwa fedha ambazo zingevinunua zimezikwa Majanji ndani ya kisima ambacho korongo hukitumia kwa msimu mmoja wa mwaka.

Hukumu ya hekaya hii ni nyepesi kutamka. Nuru ni njema, na kuaga moshi ni haki ya kila mwenye mapafu. Wageni nao wachimbiwe kisima chao, lakini zamu yao ije baada ya wale wanaoibeba nchi. Mageuzi yataingia Busia kwa migongo ya punda, maana wao ndio wanaotembea kila siku, na moshi wao ndio tunaouvuta sote. Nawe msomaji, siku utakapoalikwa kushangilia kisima kipya, usiulize kimegharimu kiasi gani wala nani amekata utepe. Uliza mdomo wake umepimwa kwa pua ya nani, na usipige makofi mpaka ujibiwe.