Usimsalimu Anayeshindilia

Mpwa wangu aliyeko Marekani amepata ugonjwa wa kujitengenezea risasi. Si jambazi, ni mhasibu. Msimu ukifika anakwenda kuwinda, na sheria za huko zinamruhusu kukaa gereji kwake akajaza upya maganda aliyokwisha kuyapiga. Juzi alinipigia simu ya video anionyeshe: fataki iliyokufa inasukumwa nje, mpya inabanwa mahali pake, baruti inapimwa, risasi inakalishwa mdomoni mwa ganda. Mzani wake sasa! Ratili moja wanaigawa mara 7,000, na mwenzetu anagombana na nusu ya kimoja. Mimi huku Rusimbi nanunua mawese kwa kuikazia macho chupa.

"Mjomba," akaniambia kama mtu aliyefichua siri ya serikali, "mezani iwepo baruti ya aina moja tu. Na kubwa kuliko yote ni kunyamaza. Ukipiga soga unasahau kama ganda hili umeshalitia, unatia tena, bunduki inakupasukia usoni."

Nikacheka mpaka simu ikayumba. (Asije mtu akamuiga, maana kwetu kutengeneza risasi bila leseni ni kosa chini ya Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya 2015, kazi hiyo tuwaachie Shirika la Mzinga kule Morogoro.) Nilicheka kwa sababu hiyo ya kunyamaza babu aliijua bila gereji wala mzani. Alikuwa na gobore, lenye kibali alichokitunza ndani ya mfuko wa nailoni vizuri kuliko cheti cha ndoa, na kazi yake ilikuwa nyani wa shambani. Gobore linalishwa kwa mdomo: baruti, kitambaa, goroli, kitambaa tena, kila kimoja kikishindiliwa kwa mdeki, na fataki inakuja mwisho kabisa. Ukitia baruti mara mbili, mtutu hauulizi nani alikuchanganya. Basi babu akipakata gobore pale uani, ilikuwa marufuku kumsalimu.

Sasa, hapa ni Kigoma. Mha hatupi salamu ya neno moja akapita. Anapiga makofi, anainama, anauliza mmelalaje, watoto wamelalaje, ng'ombe je, shamba je, na yule mgonjwa wa mwaka jana; kila swali lina jibu lake na kila jibu lina makofi yake. Hata Stanley mwaka 1871, alipofika hapo Ujiji kumtafuta Livingstone, msafara wake uliingia ukifyatua bunduki hewani kupiga hodi. Bunduki na salamu zilikuwa kitu kimoja. Babu ndiye aliyezitenganisha, na mtaa ukamnunia. Wengine wakasema ana kiburi, wengine wakadhani yumo kwenye swala, wakamsubiri atoe salamu.

Bibi akaleta ufumbuzi: akianza kushindilia, kanga nyekundu inaanikwa kwenye kamba ya mbele. Ukiiona, pita kimya. Mtaa ukaelewa, tena upesi. Kasoro ilikuwa moja, kwamba kanga nazo hufuliwa. Siku bibi alipoifua ile nyekundu tulishinda bila kuulizwa hali na mtu, na jirani aliyekuwa akija kulipa deni aligeuzia njiani. Deni lile mpaka leo sijasikia limelipwa.

Kipimo cha baruti kilikuwa kifuniko cha chupa ya dawa ya kikohozi. Babu hakuwahi kumimina moja kwa moja kutoka kwenye chombo cha baruti, kwani cheche ikiwa imebaki mtutuni chombo chote kinalipuka. Kifuniko, kwa hiyo, kilikuwa usalama wenyewe. Lakini bibi naye alikuwa na wajukuu wanaokohoa. Usiku mmoja alikichukua, akaninywesha dawa, akakirudisha rafuni bila kukiosha. Kikohozi kilipona, ila kifuniko kikabaki kinanata.

Asubuhi tukaenda shamba, upande wa Simbo. Nyani walikuwa wameshajikalia kwenye mahindi wakimenya kwa utulivu wa wenye mali. Babu akalenga, akavuta. "Ta!" Fataki imelia, gobore kimya. Nyani mkubwa akageuka kututazama, akaendelea kula.

Hapo ndipo mwenye haraka anapoinamisha uso kuchungulia mtutu. Babu hakuinama. Baruti yenye unyevu huweza kufuka polepole ndani kisha ikawaka pale mtu alipokata tamaa, kwa hiyo alibaki vilevile, mtutu umeelekezwa bondeni, mguu haunyanyuki. Akanionyesha kwa kidole nikae nyuma yake.

Na shambani hakuna kamba ya kanga. Fundi cherehani aliyepakana nasi akatokea njia ya nyuma, akaona mgongo wa mzee mwenzake, akaanza makofi.

"Mmelalaje, ndugu yangu?"

Kimya.

"Watoto nao?"

Kimya. Makofi yakaongezwa nguvu. Huenda mzee masikio yamekuwa mazito.

"Na ng'ombe hawaj..."

TUUU!

Moshi ukatufunika wote. Ulipopungua, nyani hawapo, na kila mmoja ameondoka na hindi lake. Fundi naye hayupo. Zilibaki kandambili zake njiani, moja inatazama Ujiji na nyingine Kasulu. Tukasikiliza. Kutoka ndani kabisa ya mihogo, kwa sauti ya chini lakini yenye adabu zake zote, akauliza:

"Na mama watoto?"

Babu akalaza gobore chini, akapiga makofi, akaanza kumjibu kuanzia swali la kwanza.