Jinsi ya Kununua Mashine Mbovu ya Kunolea kwa Bei Nzuri

Kila fundi seremala ana akiba ya visingizio, na akiba hiyo inaelekea kwisha. Umeme ulikatika? Mteja anaishi mtaa huohuo, na saa hiyo alikuwa anatazama mpira. Mbao bado mbichi? Ulisema hivyo mwezi uliopita, na jua limewaka tangu hapo bila kupumzika. Kijana wa kazi amefiwa na bibi? Huyo atakuwa bibi wa nne. Umefika wakati wa kuwekeza kwenye kisingizio cha kisasa, chenye plagi: mashine nafuu ya kunolea ya jiwe la maji.

Kwa asiyeijua, ni jiwe la duara, aghalabu lenye kipenyo cha milimita 200 au 250, linalozunguka polepole huku sehemu yake ya chini imezama kwenye kihori cha maji. Upande wa pili kuna gurudumu lililovikwa ngozi, la kumalizia makali. Aliyezipa mashine hizi umaarufu ni Torgny Jansson wa Sweden, aliyeanzisha kampuni ya Tormek mwaka 1973. Mashine yao kubwa, T-8, ina jiwe la milimita 250 linalozunguka mara 90 kwa dakika, na bei yake ya Ulaya ukiigeuza kuwa shilingi za Tanzania inavuka milioni moja na nusu. Mtu akishalipa hela hiyo hana tena cha kusingizia, kwa hiyo hiyo tuipishe. Viwanda vingine vimeiga umbo lake kwa bei ya chini sana, na humo ndimo tutakamotafuta. Wahenga walisema mchagua jembe si mkulima. Sawasawa kabisa: hatuna nia ya kulima.

Hatua ya kwanza: tafuta sababu ya kitaalamu

Sababu ipo, na ni ya kweli. Mvule huwa na madonge ya chokaa ngumu ndani yake, na patasi ikigonga donge moja makali yanamegeka. Mtiki, uwe wa Longuza au wa Mtibwa, una silika, kitu kilekile kilichomo kwenye mchanga; ukiupiga randa, ni mchanga unaokula jino la randa kidogokidogo. Asubuhi randa inapata, mchana haipati. Mweleze mteja taratibu, kwa sauti ya daktari: "Mama, mbao hizi ulizochagua zinakula vyuma." Ataondoka akijilaumu mwenyewe.

Usitaje kinoo. Kinoo cha mkononi, maji kidogo na dakika kumi vingemaliza shida hiyo, na kinoo hakijui umeme ukikatika.

Hatua ya pili: dharau mwendo wa polepole

Dukani, ukiona jiwe linazunguka kivivu, guna. Sema, "Hii haina nguvu." Muuzaji atakuelewa na kukuletea grenda kavu yenye jiwe la milimita 150, inayozunguka karibu mara 2,900 kwa dakika. Hesabu yake ni hii: ukingo wa jiwe hilo unapita kwenye chuma kwa mwendo wa mita 23 hivi kwa sekunde. Jiwe la maji la milimita 250, kwa mizunguko 90, halifiki hata mita moja na robo.

Tofauti hiyo yote inageuka joto. Tazama kona ya patasi ya chuma cha kaboni, pale inapokuwa nyembamba: inaanza manjano hafifu, inakuja kahawia, inapita zambarau, halafu karibu na nyuzi 300 za Selisiasi inatulia kwenye bluu nzuri sana. Ikishafika bluu, ugumu umekwenda, na kuitumbukiza kwenye maji hakuurudishi. Inabidi kunoa mpaka sehemu yote iliyobadilika rangi iishe, yaani kuila patasi yenyewe. Ni hasara ya kuvutia, ila ina kasoro moja: grenda kavu inamaliza kazi haraka, na haraka haitupi Jumamosi hata moja ya kuahirisha. Basi mrudishie, ukachukue jiwe la maji. Ila ulichukue vibaya.

Hatua ya tatu: usiombe penseli

Mnunuzi mkorofi hujulikana kwa penseli. Anaomba mashine iwashwe, anaegemeza mkono kwenye chuma cha kuegemezea, kisha anaisogeza ncha ya penseli mpaka ibaki unywele mmoja kugusa uso wa jiwe, na kuituliza hapo. Jiwe la duara kamili litapita bila kuguswa, au litachorwa mstari usiokatika. Jiwe lenye mgongo litachorwa pale tu palipotokeza, tk, tk, tk, mara moja kila mzunguko. Akimaliza hapo anahamia ubavuni, aone kama linayumba kushoto na kulia. Mwisho anatoa rula na kupima nafasi kati ya chuma cha kuegemezea na jiwe, mwanzo na mwisho wa chuma hicho. Zikitofautiana, kila patasi itatoka na makali ya mshazari, hata fundi awe na mkono uliotulia namna gani.

Pale Gerezani, Dar es Salaam, mtu wa namna hii hutambuliwa mapema.

"Fundi, unachora nini tena kwenye mali ya watu?"

"Natazama kama linakwenda sawa, kaka."

"Hiyo orijino, fundi wangu. Ukiitumia wiki moja litakaa lenyewe."

Wewe jibu tu, "Haya, nifungie." Jiwe linaloyumba kama mlevi atokaye kilabuni halikai lenyewe, si kwa wiki wala kwa mwaka. Hunyooshwa kwa kifaa chenye ncha ya almasi, kinachopitishwa polepole juu yake huku likizunguka mpaka liwe duara. Kifaa hicho kwa kawaida hakimo kwenye boksi la mashine nafuu. Ukijumlisha na vishikio vya kubania patasi, visu na shoka, unaweza kuikaribia bei ya mashine yenyewe. Hapo ndipo unapopata kisingizio bora kuliko vyote: "Nasubiri kifaa kutoka nje." Hakuna mteja anayeweza kubishana na bandari.

Hatua ya nne: usisome kibandiko cha mota

Maandishi yale madogo yana mambo. Ikiwa ni volti 120, mashine ilitengenezewa soko la Marekani, na kwenye soketi ya 230 ya Tanzania au 240 ya Kenya itaishi maisha mafupi yenye harufu. Ukiona S1, mota inaweza kufanya kazi mfululizo. Ukiona S2 na dakika 30, maana yake inoe nusu saa kisha iachwe ipoe. Asiyesoma hukusanya vyuma vya karakana nzima, hunoa kuanzia asubuhi, na kufikia adhuhuri ana moshi.

Usiulize pia unene wa chuma cha kuegemezea. Mashine nyingi za kuiga zimefuata kipimo cha Tormek, milimita 12, ili vishikio vya kampuni moja viingie kwenye mashine ya nyingine. Wewe chagua yenye kipimo chake peke yake. Wala usiulize kama jiwe linauzwa kando. Jiwe huisha kadiri linavyotumika. Likiisha na hakuna la kubadilisha, umepata kigoda kizito.

Hatua ya tano: liache jiwe majini

Baada ya kazi, funga duka uende nyumbani, maji yabaki kwenye kihori. Nusu ya jiwe italala imezama, itanyonya maji na kuwa nzito kuliko nusu ya juu, na asubuhi mashine itaanza siku kwa kurukaruka. Kama uko Dar es Salaam na unatumia maji ya kisima yenye chumvi, heri zaidi: kutu itaingia kati ya mhimili na jiwe, viwili hivyo vitaoana, na hakuna spana itakayoviachanisha. Wapo wanaomwaga maji kila jioni na kupaka grisi kwenye mhimili kabla ya kufunga jiwe. Hao hawana familia za kuwahi.

Hatua ya sita: jipime kwa nywele

Jiwe la mashine hizi kwa kawaida ni la namba 220. Huja na kijiwe cha pande mbili: upande wa kukwaruza hulifumua likate kwa nguvu, upande laini hulituliza likanoa karibu na namba 1000. Kijiwe hicho kitumie kuzuia mlango usijifunge.

Ukishanoa, vuta kidole gumba kutoka mgongoni mwa patasi kuelekea nje ya makali. Utahisi kitu kinakwama: ni kiukingo chembamba cha chuma kilichokunjwa na jiwe. Kazi ya gurudumu la ngozi na dawa yake ya kung'arishia ni kukitoa hicho. Ruka. Nyoa vinyweleo viwili vya mkononi mbele ya vijana, watashangilia. Kipimo kingine ni kukata kichwa cha ubao wa msonobari, mbao laini ambayo hubomoka kwa patasi butu na kung'aa kwa patasi kali, huku kila pengo la makali likiacha mstari mweupe. Msonobari hausemi uongo, kwa hiyo usiuweke karibu.

Tahadhari

Kuna hatari moja. Hata kwenye rundo la mashine nafuu unaweza, kwa bahati mbaya, kuokota yenye jiwe la duara, chuma kilichonyooka na mota inayoendana na umeme wetu. Ukiifunga patasi kwa pembe ya nyuzi 25 na kuwa na subira, itanoa vizuri kiasi kwamba mvule hautajua ulilipa shilingi ngapi. Matokeo yake ni mabaya: maungio yanakaa, kitanda kinakamilika siku uliyotaja, mteja analipa hela iliyobaki na kukuletea shemeji yake mwenye oda ya kabati.

Ikikutokea, dawa ipo. Muazime fundi jirani. Mashine iliyoazimwa hairudi upesi, na ikirudi utakuta jiwe lina mfereji katikati, mahali aliponolea misumari.