Barua kwa Mheshimiwa Mpiga Kura: Naomba Nakala ya Masharti

KWA: Mheshimiwa Mpiga Kura wa Kenya,
Mwenye Mamlaka Yote (Katiba, Ibara ya 1),
Kituo chochote cha kupigia kura.

KUH: MASHARTI YA ZIADA KWA WANAWAKE WANAOOMBA KAZI KWAKO

Mheshimiwa,

Natumai bei ya unga imeshuka kama walivyokuahidi wanaume uliowachagua.

Nakuandikia wewe kwa kuwa nimechoka kuwaandikia wadogo wako. Tume ya uchaguzi inasema kazi yake ni kuhesabu. Vyama vinasema vinampa cheti cha uteuzi mtu anayeuzika, na soko ni wewe. Wazee wa jamii wanasema wao hawana neno na wanawake, ila wananchi "hawajakuwa tayari". Kila mlango ninaobisha naelekezwa kwako, basi nimekuja.

Shida yangu ni ya karatasi tu. Katiba yetu, Ibara ya 137, imeweka sifa za anayetaka urais: awe raia wa kuzaliwa, awe na sifa za kugombea ubunge, ateuliwe na chama au asimame kama mgombea huru, na aungwe mkono na wapiga kura wasiopungua 2,000 katika kila kaunti, kwa zaidi ya nusu ya kaunti zote. Nimeisoma nikitafuta mahali panapotaja mume. Hapapo. Sketi haimo, wala sauti nyembamba, wala swali la watoto wameachwa na nani. Ndiposa nikatambua kuna waraka mwingine, unao wewe, ambao haujawahi kuchapishwa katika Gazeti Rasmi la Serikali. Naomba nakala yake ili akina mama wasiendelee kupoteza ada za uteuzi.

Nianze na sharti la mume, maana ndilo linalonitatiza zaidi. Asiyeolewa umemkataa: nyumba imemshinda, nchi ataiweza? Aliyeachika umemkataa vilevile. Mwaka 1989, Wangari Maathai alipopinga jengo la ghorofa 60 lisijengwe Uhuru Park, wabunge waliacha shughuli nyingine na kulijadili shirika lake la Green Belt kama kikundi cha wanawake walioachika, kana kwamba talaka yake ndiyo ingesimamisha nguzo za jengo. (Jengo halikujengwa. Wewe hupumzika pale siku za Jumapili, Mheshimiwa, na sijasikia ukiulizia ndoa ya aliyekuokolea kivuli.) Mjane naye ana maswali yake, tena ya kunong'onezwa. Nikadhani basi jibu ni mwanamke aliyeolewa na akatulia kwake, kumbe huyo ndiye mwenye kesi kubwa: ameolewa wapi?

Joyce Laboso alipoutaka ugavana wa Bomet mwaka 2017 alikuwa ametoka kuwa Naibu Spika wa Bunge la Taifa. Wapinzani wake hawakuhangaika na rekodi hiyo. Walikukumbusha tu kwamba mumewe ni Mjaluo, kwa hiyo kura akaziombe huko alikoolewa. Na angekwenda huko, angeambiwa arudi kwao alikozaliwa. Wavinya Ndeti wa Machakos aliolewa na Mnigeria, na jina la ukoo wa mumewe likageuzwa wimbo wa kampeni za mahasimu, uchaguzi baada ya uchaguzi. Mwanamume akioa ng'ambo tunasema ametanua himaya, na shemeji tunamfundisha kupika ugali. Laboso alishinda, na Ndeti akaja kushinda mwaka 2022, kwa hiyo najua sharti hili lina mlango wa nyuma. Naomba uniandikie ulipo.

La pili ni tabia. Mwaniaji wa kike akiwa mpole, umesema hataweza siasa za Kenya, hizi ni za wenye ngozi ngumu. Sawa. Ukaletewa Martha Karua. Aliwahi kuwa hakimu, akawa wakili wa mageuzi enzi ambazo mageuzi yalikuwa kosa, Mbunge wa Gichugu kuanzia uchaguzi wa 1992, Waziri wa Maji, kisha Waziri wa Sheria aliyejiuzulu mwenyewe mwaka 2009, jambo ambalo mawaziri wetu hulifanya mara chache kama kupatwa kwa jua. Wakati huo ulikuwa ukisema kwa kumsifu kwamba ndiye mwanamume pekee katika baraza la mawaziri. Nikajua kazi ameipata.

Mwaka 2013 akasimama kuwania urais. Ulimpa kura 43,881. Mwalimu Mohammed Abduba Dida, ambaye wengi wetu tulimwona mara ya kwanza usiku wa mdahalo wa televisheni, ulimpa 52,848. Simchukii Mwalimu Dida; alituchekesha, na mambo kadhaa aliyoyasema yalikuwa na akili. Lakini nilipokuuliza kwa nini yule mama uliyemwita mwanamume pekee ameshindwa na mtu uliyemjua kwa wiki chache, ulinijibu kwamba ni mkali mno. Kwa hiyo kipimo cha ukali unacho. Tafadhali kiandike: kutoka ngapi hadi ngapi?

Sitakawia kwenye mavazi, ila niseme nilichokiona. Fungua buti la gari la mwaniaji yeyote wa kike wakati wa kampeni, chini ya mabango na katoni za maji utakuta leso. Akifika mkutanoni amevaa suruali, huifunga leso hiyo kiunoni kabla hajapanda jukwaani, na msaidizi wake humkagua nyuma na mbele kama mama anayempeleka bintiye kwa wakwe. Baada yake hupanda mwanamume aliyevaa fulana ya chama iliyoshindwa kufunika tumbo, naye hukaguliwa na nani? Mnashangilia tu. Na msusi je? Nyiva Mwendwa alikuwa mwanamke wa kwanza kuwa waziri kamili nchini, mwaka 1995, akauongoza ujumbe wa Kenya kwenye mkutano wa Beijing. Ukilitaja jina lake leo, utaulizwa kwanza habari za msusi anayedaiwa kusafiri naye. Sijui wanaume huenda na akina nani katika misafara yao, hatujawahi kuwahesabu.

Kisha kuna kile kiti. Katiba ya 2010 ilileta wawakilishi wa wanawake 47, mmoja kila kaunti, ili kuongeza sauti za wanawake Bungeni. Wewe ukakifanya kuwa zizi. Mwanamke akitaka ubunge wa eneobunge au ugavana unamwambia kwa upole, tena ukitabasamu: "Mama, si mna kiti chenu?" Mwaka ule wa 2013, wa kwanza chini ya Katiba hiyo, hukumchagua hata gavana mmoja wa kike, wala seneta. Viti 94, wanaume 94. Angalau matokeo yalikuwa rahisi kukumbuka. Ulipofika 2022 ukafikisha magavana saba kati ya 47, na nakupongeza, ingawa nimesikia ukisema hao saba wanatosha kwa sasa.

Kuhusu theluthi mbili sikulaumu peke yako. Katiba inakataza jinsia moja kuzidi theluthi mbili ya viti vya kuchaguliwa. Mahakama ya Juu ilitoa ushauri Desemba 2012, ikaweka kikomo cha Agosti 27, 2015. Wabunge wakakipita kikomo hicho kama matatu inavyopita kivuko cha wanafunzi. Septemba 21, 2020, Jaji Mkuu David Maraga akamshauri Rais alivunje Bunge zima. Halikuvunjwa. Uchaguzi uliofuata, baadhi yao ukawarudisha.

Usidhani wanawake wakishachaguliwa masharti huisha. Agosti 7, 2019, Zuleikha Hassan, Mwakilishi wa Wanawake wa Kwale, aliingia ukumbini amembeba mwanawe wa miezi mitano. Sheria ya Afya ya 2017, ambayo Bunge lenyewe liliipitisha, inamtaka mwajiri awe na chumba cha kunyonyeshea. Kwa mujibu wa Kanuni za Kudumu, mtoto yule hakuwa na ruhusa ya kuwa ukumbini. Kelele zikapanda, mama akaamriwa kutoka, na wabunge wenzake kadhaa wa kike wakatoka naye. Ukumbi huo umeshuhudia watu wazima wakirushiana ngumi. Lakini mtoto wa miezi mitano ndiye aliyelitikisa taifa.

Hapa naiweka kejeli kando kidogo. Mwaka 2007, Flora Terah, aliyekuwa akiwania ubunge Meru, alivamiwa na genge la wanaume na kuteswa vibaya hadi akalazwa hospitalini. Hao hawakuwa wapinzani wa sera. Ukicheka utani wa jukwaani kuhusu mwaniaji wa kike, kuna mtu pembeni anayesikia kuwa ameruhusiwa.

Nirudi kwenye maombi yangu. Majirani zetu Tanzania wana rais mwanamke tangu Machi 19, 2021. Mwanzoni ulinieleza kwamba hiyo haihesabiki, kwani aliingia kwa kifo cha mtangulizi wake. Baada ya uchaguzi wa Oktoba 29, 2025, uliofuatiwa na maandamano na vifo, ulinijia mbio: "Si unaona? Mwanamke!" Waliokufa wanastahili majibu, na aliye madarakani anastahili kuulizwa, vikali. Lakini, Mheshimiwa, bara hili limekuwa na marais wa kiume waliokausha hazina na kujaza makaburi kwa zaidi ya miaka 60, na sijakusikia hata siku moja ukihitimisha kwamba tatizo ni uanaume.

Wala usinitolee ule msemo wako kwamba adui wa mwanamke ni mwanamke mwenzake. Katika daftari la 2022 mlikuwa 22,120,458, na wanawake walikuwa karibu nusu. Nusu ile nyingine nayo haikumpigia Karua kura za kutosha mwaka 2013. Mbona haina msemo wake?

Kirinyaga mwaka 2017, waliotajwa mbele kabisa katika mbio za ugavana walikuwa Anne Waiguru na Martha Karua, wanawake wote wawili. Ulilazimika kupima madai ya ufisadi dhidi ya sifa ya ukaidi, ajenda ya huyu dhidi ya ajenda ya yule. Mpunga wa Mwea haukukataa kuota. Wanaume wa kaunti hiyo, kwa taarifa nilizonazo, bado wanaume.

Kwa hiyo ombi langu ni dogo. Waandike wawaniaji wote kwenye fomu moja. Kila utakalomuuliza mama, kuanzia ndoa na alikozaa hadi nani anapika kwake, muulize na yule mwanamume aliye na kofia ya chama, tena mbele ya kaumu ileile na kipaza sauti kikiwa wazi. Kama maswali hayo hayamhusu, yafute pande zote mbili, ubaki na lile moja linalokuhusu: pesa za kaunti zilikwenda wapi.

Nitasubiri jibu lako kwa maandishi. Karatasi utapewa bure na tume, Jumanne, Agosti 10, 2027. Vituo hufunguliwa saa kumi na mbili asubuhi.

Wako mtiifu,
Mpiga kura mwenzako