Kadi za Manjano, Kanzu ya Komamanga

Wino wa kwanza ulinywewa. Mke wangu alikuwa ameuchemsha kwa choya kavu, akauchuja kwa kipande cha kanga kuukuu, akaumimina kwenye chupa ya soda na kuuacha mezani upoe. Watoto waliporudi shule wakaona juisi. Wakatia sukari, wakatia barafu, wakagawana na wenzao wa jirani, kisha yule mdogo akaja chumbani kutuuliza kwa nini juisi ya leo imezidi karafuu.

Karafuu zilitiwa makusudi. Maji ya maua yakikaa siku chache katika joto la Tanga huota ukungu, na karafuu huuchelewesha. Hilo mke wangu alilijua. Hakujua tu kwamba angetakiwa kuwachelewesha na watoto.

Chanzo cha yote ni mdogo wake, ambaye alikuwa anaolewa. Kamati ilikwishakaa, mweka hazina amechaguliwa, zikabaki kadi za mchango, maana kwetu harusi haianzi kwa ngoma, huanza kwa kadi yenye jina lako na tarehe ya mwisho ya kutoa. Mwenye duka la uchapaji alitaja bei. Mke wangu akamwomba aitaje tena, akacheka, akaondoka bila kuaga. Alirudi nyumbani na karatasi nyeupe za kukata kadi, mkasi, na msimamo kwamba hakuna rangi iliyoko dukani isiyoweza kupatikana jikoni. Msimamo si mbaya. Ubaya wa jikoni ni kwamba mna watu.

Choya ya pili ilifungiwa kabatini. Ilikuwa nyekundu ya kupendeza, na majina ya wajomba wa kwanza yaliandikwa kwa mkono mzuri wa kulaza herufi. Yalipokauka yalikuwa ya buluu iliyochanganyika na kijivu, utadhani ukoo mzima umepigwa ngumi za macho. Choya hubaki nyekundu ikiwa ndani ya uchachu wake, na karatasi nyingi nyeupe za siku hizi hutiwa unga wa chokaa ndani yake, na chokaa huua uchachu. Alijaribu kuukamulia wino limau. Wekundu ukarudi, lakini karatasi ikajikunja na wino ukatambaa hadi ukingoni.

Hapo ndipo Bibi alipoingilia. Bibi ni mama wa mama mkwe wangu, anaishi nasi, ananiita mume wangu mbele za watu na nimekwishazoea. Yeye alisoma chuoni enzi za ubao na kalamu ya utete, na wino aujuao ni masizi ya koroboi yaliyosagwa na gundi ya mgunga na maji kidogo. Ana hoja. Kule Siyu, katika kisiwa cha Pate, waandishi wa karne ya 18 na 19 walinakili misahafu kwa mkono, kwa wino mweusi na mapambo ya rangi, na baadhi ya misahafu hiyo ipo hadi leo.

"Hata Mwana Kupona alimwita binti yake aje na wino na karatasi," alisema Bibi. "Hakumwambia aje na limau."

Utendi huo ni wa mwaka 1858, na nimeusoma upya kuhakikisha. Limau halimo.

Mke wangu aliwahi kuwaza zafarani, Bibi akamkatisha. Zafarani ni ya kuandikia kombe: unaandika aya kwenye sahani, unaiosha kwa maji ya waridi, mgonjwa anakunywa. Sifa yake ni kufutika. Na bei yake ingeturudisha kwa mwenye duka la uchapaji tukimwomba radhi.

Tukahamia kwenye manjano. Manjano hayayeyuki vizuri majini, kwa hiyo tulinunua spiriti duka la dawa, na nyumba ikanuka zahanati yenye pilau. Safari hii mambo yalikwenda. Kadi zilipakwa kingo zote, zikatandazwa kwenye mkeka zikauke, zikang'aa. Mke wangu akatoka kwenda kununua bahasha.

Bibi akaja kukagua. Alikuwa anatafuna tambuu. Aliinua kadi moja, akaitazama, akairudisha. Akainua nyingine. Mke wangu aliporudi alikuta kila kadi iliyoguswa ina alama ya dole gumba, nyekundu kama damu.

Chokaa ya tambuu. Manjano yakikutana na chokaa, au magadi, au sabuni ya kufulia, hugeuka mekundu papo hapo. Mke wangu aliketi chini ukumbini akashika kichwa. Bibi alikitazama kidole chake muda mrefu, akakigusisha tena kwenye pembe ya kadi, taratibu, makusudi kabisa.

"Mume wangu," akaniita, "niletee kijaluba changu na njiti ya kiberiti."

Mwanamke huyu amewapaka hina maharusi wa mtaa mzima. Hadi magharibi kila kadi ilikuwa na maua mekundu, majani, na vile vikonyo vinavyopanda kwenye vidole vya bibi harusi. Madole gumba yakawa matunda.

Maandishi ndiyo yaliyonigharimu mimi. Mke wangu alichemsha maganda ya komamanga, akachanganya na siki iliyolazwa misumari yenye kutu. Ulaya waliandika kwa karne nyingi kwa wino wa jamaa hiyo, wa chuma na uvimbe wa mti wa mwaloni. Tabia yake ni kwamba huandika hafifu, kisha hewa huukoleza. Sikuambiwa. Ijumaa, nikiwa nimekwishavaa, nilipita mezani na mkono wa kanzu ukagusa bakuli la wino.

"Haionekani," mke wangu alisema. Kweli, ilikuwa rangi ya chai ya rangi iliyozimuliwa.

Katika hotuba doa lilikuwa kijivu. Tulipofunga mikono kuswali lilikuwa kifuani pangu, mbele ya macho yangu, na rakaa ya pili lilikuwa jeusi. Nyumbani wakalitia dawa ya kutoa madoa likawa kutu. Bibi akalisugua kwa limau na chumvi, akalianika juani, likapungua kiasi cha kunifaa kwa kuvaa ndani.

Kadi ziligawiwa. Jamaa mmoja wa upande wa mama, dereva wa daladala, aliichomeka yake kwenye kioo cha mbele, na manjano hayastahimili jua. Tarehe ilipopita alikuja mbele ya kamati na karatasi iliyopauka, maua yamekwisha yote, akadai kwamba kadi kama hiyo haimdai mtu.

Mweka hazina aliipokea, akaigeuza kuelekea taa. Jina la dereva, kiasi, na siku ya mwisho vilikuwa vimekolea kuliko siku tuliyompa.

"Basi," akasema yule bwana, "nipeni mpaka mwisho wa mwezi."