YAAAAAAAAH: OMBI LA MKOPO

Siku za mbalamwezi mwalo wa Kibirizi, hapa Kigoma, hupoa. Dagaa hawafuati taa za wavuvi wakati mwezi wenyewe umewasha taa kubwa kuliko zote, kwa hiyo watu hukaa nchi kavu, hushona nyavu, na hukumbuka barua zote walizokuwa hawajaandika. Huo ndio msimu wangu. Nina steshonari ya meza moja, kompyuta moja na printa yenye kikohozi, hatua chache kutoka zinapopakia boti za Mwamgongo na Kagunga.

Nahodha mmoja akaja na ombi la mkopo wa injini. Nikaandika, nikachapa, nikamkabidhi kwa mbwembwe. Akasoma akiwa amesimama, akanirudishia.

"Katibu, hapa naomba mkopo au nimechomwa na mwiba?"

Ilikuwa imeandikwa: YAAAAAAAAH: OMBI LA MKOPO.

Herufi A imekwama. Na Kiswahili bila A ni kitu gani? Andika "dagaa" bila kugusa A uone kinachobaki sahanini.

Nikampigia mpwa wangu aliyeko Dar. Huyu ndiye aliyeing'oa Windows niliyoizoea, akaniwekea Linux, eti mashine imezeeka haiwezi mzigo. "Anko, usiguse kitu kwanza," akasema. "Tuisikilize kibodi yenyewe. Fungua lile dirisha jeusi, andika sudo evtest."

"Sudi yupi? Hapa mwaloni wapo wanne."

Kumbe sudo ni kuomba ruhusa ya mwenye nyumba. Nayo inataka nywila, na nywila yangu ilikuwa dagaasafi (nimeshaibadilisha, msijisumbue). Ukiiandika, kwenye kioo haitokei hata nukta. Nikaandika gizani mara tatu, A zikimwagika nisizoziona, mara tatu ikanikataa. Mashine nimenunua mimi, umeme nalipa mimi, halafu inaniuliza mimi ni nani!

Nikaazima kibodi ya nje kwa jirani anayewaingizia watu nyimbo kwenye flashi. Ikakubali. Orodha ikashuka.

Nilitegemea vitu viwili, kibodi na mausi. Vikaja kumi na sita. Kila kimoja na namba yake, event0, event1 na kuendelea, kama boti zilizoandikwa namba ubavuni. Kitufe cha kuwashia kimejiandikisha mara mbili. Kifuniko nacho, eti, ni kifaa. Ile kibodi ya kuazima, moja tu, tena imekatika mguu, imejaza majina matatu kama mtu anayengoja kugawiwa vyandarua. Chini zaidi nikakuta "Video Bus". Mimi basi la video nimelipanda kutoka Kigoma hadi Dar, nalijua. Lilipitia wapi kuingia humu? Mpwa anasema hivyo ni vitufe vya kuongeza na kupunguza mwanga wa kioo. Sasa si mngesema hivyo?

"Anko, bando linaisha. Chagua iliyoandikwa AT Translated Set 2 keyboard."

Hiyo ndiyo kibodi yangu ya siku zote. Hiyo AT ni ya kompyuta ya IBM ya mwaka 1984. Inajitambulisha kwa ukoo, kama mzee wa Ujiji anayekutajia mababu kwanza, shida baadaye.

Ukishachagua, evtest inakaa mlangoni kama karani wa mwalo. Haitengenezi, haishauri. Vojtech Pavlik, aliyeanza kuiandika mwaka 1999, hakuipa maneno mengi: ukibonyeza inaandika 1, ukiachia 0, ukishikilia 2, 2, 2. Saa yake haijui asubuhi wala jioni, inahesabu sekunde tangu Januari 1, 1970. Na namba za vitufe! Kitufe cha 1 kinaitwa 2. Cha 2 kinaitwa 3. Esc imewahi namba moja, wengine wote wakasukumwa. A, mkubwa wa alfabeti nzima, ni wa 30. Eti wamehesabu kwa kufuata mistari ya kibodi kuanzia kona ya juu. Mtu wa hesabu hizo mpe ndoo za dagaa azihesabu hapa asubuhi moja tu, uone boti zitakavyopigana.

Nikabonyeza A mara moja, nikaondoa kidole, nikafunga mikono kifuani. Ikaandika 1. Halafu 2, 2, 2, 2. Sifuri haikuja. Nahodha akasogea, akatazama kioo kinavyomiminika.

"Huyu kapanda, hajashuka," akasema.

Mpwa akashangilia kama kapata mtoto. Eti sasa tuna uhakika: tatizo si programu, si Linux, ni kitufe chenyewe cha A. Nusu saa, bando, kibodi ya kuazima na basi la video, ili niambiwe A imekwama! Nahodha alilijua hilo kwa kusoma neno moja.

Nikakichokonoa kitufe kwa wembe. Chini yake palikuwa na mchanga, na kwenye mchanga kichwa cha dagaa mmoja, mkavu, ananitazama. Hapa dagaa huanikwa mchangani na vichanjani, na upepo wa ziwani hauombi sudo.

Nikamchapia nahodha barua upya, bure. YAH: fupi, safi. Akaisoma, akasita.

"Katibu," akasema, "ile ya kwanza ilionyesha shida zaidi."

Akaondoka nazo zote mbili.