Majibu kwa Wenye Mashaka: Kompyuta Iliyoshiba

*Mheshimiwa Mshauri, nina duka la kuchapa na kutoa nakala hapa Ujiji. Kompyuta yangu hulalamika kila asubuhi kwamba nafasi imekwisha, ilhali niliuziwa kwa ahadi ya jibi 500, nami sikuweka humo ila barua za watu na picha za paspoti. Mpwa wangu ashauri ninunue nyingine. Je, nimedhulumiwa?*
— Mwenye Duka, Ujiji

Bwana wangu, kabla hujampa mpwa wako nauli ya garimoshi kwenda Dar es Salaam, kwa reli ile iliyofika Kigoma mwaka 1914, akakuletee kompyuta ya pili na bila shaka suruali mpya kwa ajili yake, fungua dirisha jeusi la amri, lile ambalo watu hulihofu kwa kuwa halina picha, kisha uandike: wmic logicaldisk get caption,volumename,size,freespace. Utaletewa safu za habari, nazo zitapangwa kwa alfabeti wala si kwa mpango ulioutaja wewe, maana amri hii ina kiburi chake. Yamkini utaona C: ikiwa taabani, na chini yake D: iliyokaa bure tangu siku ya kununuliwa, kwa kuwa aliyekuuzia aliigawa diski moja mafungu mawili asikujuze. Ngama ya mbele ya meli ikijaa dagaa mpaka mfunikoni, haifuati kwamba ya tezi nayo haina nafasi. Hamishia huko picha zako.

Ama hizo jibi 500, jumla ya mafungu ikikaribia 465 usimpeleke mtu barazani. Mwenye kiwanda huhesabu jibi moja kuwa baiti bilioni moja kamili, na Windows huihesabu kuwa baiti 1,073,741,824. Gawanya mwenyewe, utaona kwamba hakuna aliyeiba, ila wawili hao wanatumia pishi mbili zisizolingana, na mnunuzi ndiye abakiaye na fadhaa. Na iwapo mashine yako ni mpya ikasema haiijui wmic, usiilaumu, kwani Microsoft waliitangaza mwaka 2021 kuwa imestaafishwa: ingia PowerShell uandike Get-Volume, nayo itakueleza, zaidi ya ukubwa na nafasi iliyosalia, hata afya ya kila fungu.

*Shikamoo Mshauri. Rafiki yangu aliniambia nitazame mafungu kwa diskpart. Nimeingia, nikaona humo amri iitwayo clean. Je, ndiyo ya kufagia takataka?*
— Mwanafunzi, Mwanga

Marahaba, mwanangu, na uondoe mikono yako juu ya kibodi. Andika list volume, usome herufi, jina, aina na ukubwa wa kila fungu, halafu andika exit utoke salama. Hiyo clean hufagia kweli, lakini kinachofagiliwa ni mgawanyo wote wa diski uliyoichagua, wala haikuulizi kwanza kama una hakika. Rafiki yako naye tafadhali umkague.

*Mshauri, mchumba wangu ana fungu D alilolipa jina «Binafsi». Kuna amri ya kunifichulia yaliyomo?*
— Bibi Mwenye Shaka, Katonga

Bibi, andika vol d: nawe utajibiwa kwa adabu jina la fungu, ambalo umekwisha kulijua, na namba yake ya utambulisho, ambayo haitakufaa kitu. Kupekua faili za mtu asiyekuwapo si kazi ya safu hii. Muulize mwenyewe, na umuulize kabla wazee wako hawajapokea mahari.

Wasomaji wanaotuandikia juu ya kompyuta zao wanaombwa wanakili mistari yote iliyotokea kwenye kioo, pamoja na herufi na tarakimu zake, kwani barua zisemazo tu «imejaa» hatutazijibu.